Alama Husafiri, Kazi Hubaki

Mazungumzo haya yanahusu potifolio ya kidijitali, yaani mkusanyiko wa kazi za mwanafunzi uliohifadhiwa kwa picha, sauti, video na maandishi ndani ya simu, kishikwambi au kompyuta, ambao mwanafunzi mwenyewe ameuteua, akaupanga na kuuandikia maelezo, ili anayeutazama aone alichokifanya, alivyokifanya na hatua alizopiga kati ya muhula mmoja na mwingine. Kazi, uteuzi na maelezo ya mwanafunzi ndiyo mambo yanayoifanya potifolio iwe potifolio. Kazi zisizoteuliwa hubaki kuwa rundo la mafaili, na kazi zilizoteuliwa na mwalimu peke yake, pasipo neno la mwanafunzi, huonyesha anachokipenda mwalimu kuliko anachokijua mwanafunzi.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Kenya wakati huu, kwa kuwa nchi hiyo imebadilisha njia ya kuwapima watoto wake kwa kiasi ambacho hakijawahi kuonekana tangu mtihani wa KCPE ulipoanza mwaka 1985. Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya awali mwezi Januari 2019, ulikuja na ahadi kwamba mwanafunzi hatahukumiwa tena kwa karatasi za siku chache mwishoni mwa shule ya msingi. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mahali pake pamekuwa na tathmini ya KPSEA katika Gredi ya 6, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, na ya KJSEA katika Gredi ya 9, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, na kundi lililotangulia likaingia Sekondari ya Juu mwezi Januari 2026. Katika mpango uliotangazwa na Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, nafasi ya mwanafunzi katika Sekondari ya Juu hutokana na asilimia 60 ya KJSEA, asilimia 20 ya KPSEA na asilimia 20 ya tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayohusika hapa, kwa sababu ndiyo inayodai kubeba kazi halisi ya mtoto: mradi, jaribio, usomaji wa sauti, kifaa alichokiunda kwa mikono yake.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. KNEC huweka zana za tathmini kwenye tovuti yake, na mwalimu huzipakua, huzichapisha, huwapa wanafunzi kazi inayotakiwa, huwatazama wakiifanya, kisha huilinganisha kazi ya kila mmoja na rubriki, yaani jedwali linaloeleza kwa maneno jinsi kazi ya kila kiwango inavyoonekana, kuanzia mwanafunzi anayezidisha matarajio, anayeyafikia, anayeyakaribia, hadi aliye mbali nayo. Baada ya hapo mwalimu huingiza alama kwenye tovuti, na alama hizo ndizo zinazosafiri. Kazi yenyewe hubaki shuleni, ndani ya faili la manila kabatini au kwenye kuta za darasa, na mara nyingi mwaka unaofuata hutupwa ili kazi za wengine zipate nafasi. Hapa ndipo penye kasoro ambayo potifolio ya kidijitali inaweza kuirekebisha, na ambayo marekebisho mengine ya mitihani hayajaigusa: ushahidi unatenganishwa na uamuzi uliotokana nao, na shule inayompokea mwanafunzi hupewa uamuzi pasipo ushahidi.

Uzito wa hasara hiyo huonekana vizuri zaidi kazi moja inapotazamwa kwa karibu. Mwanafunzi wa Gredi ya 7 anayesoma Kilimo na Lishe anaweza kupewa mradi wa kitalu cha sukumawiki. Picha ya kwanza katika potifolio yake inaonyesha kitalu kilichofunikwa nyasi kavu; ya pili, iliyopigwa wiki mbili baadaye, inaonyesha miche iliyosongamana na kurefuka kwa kutafuta mwanga; ya tatu inaonyesha majani yaliyojikunja, na upande wa chini vidukari wameshikamana kando ya mshipa wa kati. Chini ya picha hiyo mwanafunzi ameandika kwamba aliloweka pilipili zilizopondwa pamoja na sabuni ya kipande, akanyunyizia jioni, na kwamba alipochelewa kupunguza miche ndipo wadudu walipoenea upesi kutoka mche mmoja hadi mwingine. Picha ya nne inaonyesha miche michache iliyosalia, yenye afya. Katika rejesta ya alama, wiki zote hizo zimekuwa tarakimu moja, pengine 3. Tarakimu hiyo haisemi kama mtoto huyu alipata 3 kwa sababu miche yake mingi ilikufa au kwa sababu aligundua chanzo cha tatizo akaweza kukieleza, ilhali kwa mwalimu wa kilimo wa Sekondari ya Juu tofauti kati ya sababu hizo mbili ndiyo habari yote anayoihitaji.

Mfano wa pili unatoka katika somo la Kiswahili, na huenda ndio wenye nguvu zaidi, kwa kuwa unahusu stadi ambayo karatasi haiwezi kuipima kamwe. Mtaala unataka mwanafunzi ajenge stadi za kusikiliza na kuzungumza na asome kwa ufasaha, yaani kwa kasi ifaayo, kwa matamshi sahihi na kwa kiimbo kinachofuata maana. Katika miongo yote ya KCPE, stadi hizo zilipimwa kwa kalamu au hazikupimwa kabisa. Kwa potifolio ya kidijitali, simu moja ya mwalimu inatosha kumrekodi kila mwanafunzi kwa dakika moja katika kila muhula akisoma kifungu cha kiwango chake. Katika rekodi ya muhula wa kwanza mtoto anasikika akibadilisha /r/ na /l/ kama wafanyavyo wengi ambao lugha zao za kwanza hazitofautishi sauti hizo, akisoma neno kwa neno, akipita nukta bila kutua. Katika ile ya muhula wa tatu anakosea /r/ mara moja, anasikia kosa lake, anarudi na kulirekebisha. Kurudi huko hakuna alama yake katika rubriki yoyote, lakini kila mwalimu wa lugha anajua kwamba mtoto akianza kujisikia mwenyewe, sehemu kubwa ya safari imekwisha. Mzazi akisikilizishwa rekodi hizo mbili kwa kufuatana, hahitaji kuelezwa maana ya kiwango chochote.

Wazo la kuhesabu kazi ya mwaka mzima si geni katika Afrika Mashariki. Azimio la Musoma la Novemba 1974, upande wa Tanzania, lilikosoa mazoea ya kumpima mwanafunzi kwa mtihani wa mwisho pekee na likataka maendeleo yake ya darasani pamoja na kazi zake zihesabiwe, na upimaji endelevu uliofuata baada ya hapo umekuwa sehemu ya mfumo wa nchi hiyo kwa sura mbalimbali hadi leo. Tatizo lililoukabili upimaji huo ndilo lile lile linaloikabili Kenya sasa: alama zinazotolewa na mwalimu wa shule husika haziaminiki sawasawa na zile za mtihani wa taifa, kwa kuwa hakuna mtu wa nje aliyeiona kazi. Walimu wanashukiwa kuwapendelea wanafunzi wao, na shuku hiyo hukua hata pale ambapo mwalimu amefanya haki, kwa sababu hana cha kuonyesha.

Yeyote anayeitetea potifolio anawajibika kukabiliana na ushahidi mzito kutoka jimbo la Vermont nchini Marekani. Jimbo hilo lilianza kutathmini shule kwa potifolio za hisabati na uandishi katika darasa la nne na la nane mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati ambapo kila kitu kilikuwa cha karatasi, na matumaini yalikuwa makubwa. Daniel Koretz na wenzake katika taasisi ya utafiti ya RAND walipochunguza alama za mwaka 1992, walitumia kipimo cha uwiano, yaani tarakimu inayoonyesha jinsi wasahihishaji wawili wanavyokubaliana kuhusu kazi ile ile, ambapo 1 ni kukubaliana kikamilifu na 0 ni kutokuwapo kwa uhusiano wowote. Wakapata wastani wa kati ya 0.33 na 0.43. Kwa kiwango hicho, kumlinganisha mwanafunzi na mwingine, au shule na nyingine, ni kulinganisha hulka za wasahihishaji. Sababu hazikuwa za ajabu: kila mwalimu alitoa kazi tofauti, wengine waliruhusu msaada mwingi na wengine haba, na maneno ya rubriki yalisomwa kwa namna nyingi. Hata hivyo, walimu wa Vermont walieleza pia kwamba ufundishaji wao ulikuwa umebadilika, wakawa wanawapa watoto muda mwingi zaidi wa kutatua maswali yanayohitaji fikra na kueleza njia walizozitumia. Potifolio ilifundisha vizuri na kupima vibaya, na mtu anayetaja nusu moja tu ya matokeo hayo anapotosha.

Teknolojia ya kidijitali inaingia hasa katika nusu hiyo dhaifu. Potifolio ya karatasi huweza kuwa mikononi mwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, ilhali ya kidijitali huweza kutazamwa na walimu kumi walio katika shule kumi bila faili kuondoka kabatini. Jambo hilo lilifungua mlango wa njia ya upimaji inayoitwa hukumu linganishi, ambayo msingi wake wa kihisabati uliwekwa na mwanasaikolojia wa Marekani L. L. Thurstone mwaka 1927. Katika njia hii mtathmini haulizwi kazi inastahili alama ngapi, swali ambalo binadamu hulijibu kwa kuyumba. Anaonyeshwa kazi mbili na kuulizwa ipi ni bora. Watathmini wengi wanapohukumu jozi nyingi, hesabu huzipanga kazi zote katika mfuatano mmoja, na mtathmini ambaye hukumu zake zinakwenda kinyume na za wenzake hujulikana.

Njia hiyo ilijaribiwa kwa potifolio za kidijitali nchini Uingereza katika mradi ulioitwa e-scape, ulioongozwa na Richard Kimbell katika chuo cha Goldsmiths, London, katika muongo wa kwanza wa karne hii. Wanafunzi wa somo la usanifu na teknolojia walifanya kazi kwa asubuhi mbili wakiwa na vifaa vidogo vya mkononi, na kila baada ya muda walitakiwa kupiga picha ya walipofika, kurekodi sauti wakieleza wazo lao, na kuendelea. Potifolio ilijengeka kadiri kazi ilivyoendelea, na hakukuwa na nafasi ya kuipamba baadaye nyumbani. Hukumu linganishi zilizofuata zilitoa uthabiti wa zaidi ya 0.9, tarakimu iliyowashangaza wengi. Uaminifu unadai itajwe pia kwamba mwaka 2015 Tom Bramley wa Cambridge Assessment alionyesha kuwa mbinu ya kompyuta kuchagua jozi kwa kufuata matokeo yaliyotangulia hukuza tarakimu hiyo isivyostahili, kiasi kwamba hata hukumu zilizotolewa kwa bahati nasibu zingeweza kutoa uthabiti unaovutia machoni. Dawa yake inajulikana, nayo ni kuchagua jozi bila kufuata matokeo hayo na kuwatumia watathmini wa kutosha. Kilichobaki imara ni kwamba walimu wengi wakitazama kazi ile ile wanakubaliana zaidi kuliko mwalimu mmoja mmoja akitoa alama peke yake.

Hesabu ya jambo hili kwa shule za kawaida haitishi. Ikiwa shule kumi za kanda moja zitatoa potifolio mbili mbili za mradi ule ule, patakuwa na potifolio 20, na ikiwa kila shule itamtoa mwalimu mmoja wa kuhukumu jozi 20, patapatikana hukumu 200, ambapo kila potifolio itakuwa imetazamwa mara 20. Mwalimu anayetumia dakika mbili kwa kila jozi atamaliza kwa dakika 40. Kikao kama hicho, kikifanyika mara moja kwa muhula chini ya afisa wa mitaala wa eneo, hakiwezi kumpangia kila mtoto nafasi yake, lakini kinaweza kuwafanya walimu wa kanda nzima wakubaliane jinsi kazi inayofikia matarajio inavyoonekana kwa macho, na mwalimu aliyezoea kutoa alama za juu kuliko wenzake akajirekebisha pasipo kukaripiwa na yeyote.

Pingamizi la kwanza linalotolewa dhidi ya haya yote ni gharama, nalo linastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa wazazi wa Kenya wametumia fedha nyingi kwenye saiba na madukani kwa ajili ya kuchapisha na kununua vifaa vya miradi. Mpango wa serikali wa kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza ulianza mwaka 2016, na pale ambapo vifaa hivyo bado vinafanya kazi vinaweza kutumika, lakini potifolio haihitaji kifaa kwa kila mtoto. Sauti ya dakika moja ikihifadhiwa kwa ubora wa wastani wa kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takriban kilobaiti 480. Picha ya simu ikipunguzwa ukubwa hubaki na kilobaiti 300 bila kupoteza kinachohitaji kuonekana. Mwanafunzi mwenye picha kumi na rekodi sita kwa mwaka hujaza megabaiti zisizofika sita, darasa la wanafunzi 45 hujaza megabaiti 265 hivi, na miaka mitatu ya Sekondari ya Msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) ya darasa hilo zima hutosha ndani ya kadi ndogo ya kumbukumbu ya gigabaiti moja. Video ndiyo inayokula nafasi na data, na kwa kazi nyingi haina ulazima. Intaneti nayo inahitajika siku ya kutuma tu, wala haihitajiki kila siku ya kukusanya.

Gharama iliyo nzito kweli ni muda wa mwalimu. Mwalimu mwenye vipindi mfululizo na madarasa makubwa hawezi kupiga picha, kuyapa mafaili majina na kuyapanga kwa ajili ya kila mtoto, na mfumo unaomtaka afanye hivyo utavunjika ndani ya muhula mmoja. Kazi hiyo ni ya wanafunzi, nao wanaiweza: kikundi cha wanafunzi wanne kinaweza kukabidhiwa simu ya shule kwa kipindi kimoja cha wiki, kikapiga picha za kazi, kikazipa majina kwa mpangilio mmoja wa gredi, jina na tarehe, kisha kila mwanafunzi akaamua zipi zibaki na kuandika sentensi tatu kuhusu sababu ya kuzichagua. Sentensi hizo tatu ndizo kiini cha shughuli nzima. Mtoto anayeandika kwamba ameichagua insha hii kwa sababu ni nzuri bado hajajifunza kujitathmini, na yule anayeandika kwamba ameichagua kwa sababu katika rasimu ya kwanza kila aya ilianza na neno moja na katika ya pili amebadilisha, amefikia jambo ambalo mitihani haikuwahi kumtaka afikie.

Rasimu zina faida nyingine. Malalamiko kwamba wazazi, mafundi wa mtaani na sasa programu za akili unde ndio wanaofanya miradi ya wanafunzi yamezagaa, na hayawezi kupuuzwa. Kifaa kilichokamilika hakisemi kimetengenezwa na nani. Picha za hatua zake, zilizopigwa darasani, pamoja na sauti ya mtoto akieleza kwa nini alikata hapa na si pale, husema mengi, na ni vigumu kuzighushi kwa mtu asiyeifanya kazi hiyo. Tarehe iliyoandikwa na kifaa haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa hubadilishika kwa urahisi.

Kuhusu faragha pasiwe na ulegevu wowote. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka data za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi wake na kwa namna inayolinda maslahi yake, na mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kundi la WhatsApp la wazazi si mahali pa kuweka potifolio. Picha nyingi za kazi hazihitaji uso wa mtoto: mikono na kitu kinachotengenezwa vinatosha, na shule inayoweka kanuni hiyo tangu mwanzo hujiepusha na madhara ambayo hayafutiki.

Vyuo vya kiufundi vya Kenya vimetangulia katika njia hii, kwani mafunzo yao ya umilisi humtaka mwanafunzi wa ushonaji, useremala au umeme akusanye ushahidi wa kazi zake ili utathminiwe. Picha ya gauni lililokamilika, likiwa limevaliwa, humfurahisha mteja, ila mtathmini hutaka kuona upande wa ndani, pale pindo lilipofungwa na nyuzi zilipokatwa, kwa kuwa hapo ndipo ufundi unapojulikana. Fundi wa jua kali aliyejifunza kazi kwa miaka mingi bila cheti anaweza kutambuliwa kwa ushahidi wa aina hiyo hiyo, na kwa mtu kama huyo potifolio iliyomo ndani ya simu yake ni mlango ambao mtihani wa maandishi haukuwahi kumfungulia.

Kinachobaki ni uamuzi wa kiutawala kuhusu nani anayelikabidhi faili la mwanafunzi anapohama kutoka Gredi ya 9 kwenda ya 10. Hadi sasa namba ya usajili na alama ndizo zinazohama. Hakuna kinachoizuia shule ya awali kumkabidhi mzazi faili hilo, akalipeleka pamoja na karatasi za kujiunga, na shule mpya ikampa mwalimu wa mkondo wa masomo aliouchagua mwanafunzi robo saa katika wiki ya kwanza ya kulitazama akiwa naye, amwulize kuhusu vidukari, na kumsikiliza akijibu.